Idhini Niliyoitoa kwa Abu Tambi

Wazo la kwenda kula kwa Mchina lilikuwa langu mimi, na sikatai. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi changu nilikichimba kwa vijiti viwili vya kulia na bakuli la tambi.

Mwaka huo wa tisini na tisa nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikaa Sur na baba yangu, Yaqoob, na dada yake, Shangazi Mahfoudha, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki Bujumbura. Nilikuwa karani na mkalimani katika ofisi ya kampuni moja iliyokuja kwa ujenzi wa kiwanda cha gesi. Nilikuwa na meza yangu, simu yangu, na kiti kinachozunguka. Bosi alikwisha niambia kwamba ujenzi ukiisha ataniombea nafasi ya kudumu. Fikiria: msichana aliyezaliwa bara, mwenye Kiarabu cha kuungaunga na Kifaransa kisichomfaa mtu Sur nzima, nimepata kiti kinachozunguka! Sikuwa tayari kukiacha kwa ajili ya mwanamume yeyote.

Mwanamume mwenyewe aliitwa Asaad bin Musallam, wa Ibra. Sikumchukia. Nilikuwa nimemwona mara mbili, mrefu, mpole, hana ubaya. Lakini kazi yake ilikuwa Abu Dhabi na kwao alirudi mara moja kwa mwezi. Mke aliyetafutiwa alikuwa wa kukaa Ibra na mama yake, Bi Kaltham, mwenye kisukari na maneno. Yaani niposwe na mwana, nikaishi na mama. Shangazi alinieleza habari hiyo kama anayenitangazia bahati: nyumba kubwa, mitende, mfereji wa falaji unapita nyuma ya jiko. Nikamwuliza, "Na kazi yangu?" Akanitazama kama niliyeuliza habari za paka.

Tatizo hasa lilikuwa baba yake Asaad. Tulipofika Oman mwaka themanini na nne, na mabegi matatu, hatukuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba babu yangu alitoka nchi hii. Ili upate pasi ilibidi watu wa kabila wasimame waseme: huyu tunamjua, huyu ni wetu. Wengi waliutazama uso wetu, wakakisikia Kiswahili chetu, ghafla wakakumbuka wana shughuli mahali. Musallam, aliyerudi kutoka Unguja zamani kabla yetu, ndiye aliyepanda gari lake Ibra, akaja, akasimama mbele ya wakubwa akasema, "Yaqoob ni mtoto wa ami yangu." Ami gani, Mungu ndiye ajuaye. Tangu siku hiyo baba hakumkatalia Musallam jambo, na Musallam, tumpe haki yake, hakupata kuomba jambo. Hili lilikuwa la kwanza.

Baba aliniambia mwenyewe asubuhi moja, anafungua duka lake la vipuri.

"Rawya, mimi siwezi kumwambia Musallam la. Unanielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

"Lakini utaulizwa. Lazima uulizwe."

Nilielewa kwamba nimekwisha. Hilo la kuulizwa nililichukua kama masharti yanayoandikwa nyuma ya tiketi: yapo, hayasomwi na mtu.

Basi nikapiga hesabu zangu usiku na mchana. Baba hawezi kukataa. Mimi nikikataa, nitamwaibisha baba mbele ya mtu aliyetupa nchi. Amebaki mmoja tu, Bi Kaltham. Yeye akinichukia, ataniondoa mwenyewe, na hakuna aliyevunja neno. Bi Kaltham alikuwa mzaliwa wa Mkunazini, mjini Unguja, na aliamini kwamba sisi watu wa bara tulijifunza kukaa kitako juzi. Alikula kwa ncha za vidole vitatu. Nikasema moyoni, bibi wewe, nitakuonyesha bara inavyokula.

Kwa hiyo walipotuma salamu kwamba Alhamisi watakuja Sur, kuzungumza tu na kufahamiana, kwani likizo ya Asaad inakwisha, nikamwambia baba tuwapeleke kwa Mchina. Shangazi akashika kichwa. Baba akanitazama kidogo, akasema, "Haya."

Mkahawa ulikuwa jirani na duka la matairi. Mwenyewe alikuwa Mchina wa Kantoni aliyeletwa kuwapikia wajenzi kambini, akaona mji umempenda, akafungua pake kwa jina la kafili wake, Mwomani aliyemdhamini. Waarabu walimwita majina yao, sisi Waswahili tulimwita Abu Tambi. Ukutani alibandika "halali" mara mbili, moja kwa Kiarabu, na moja kwa Kiarabu kikubwa zaidi. Mimi nilikuwa mteja wake wa kila Jumatano baada ya kazi.

Nilikwenda kwa ajili ya kitu kimoja, tambi za wontoni. Bakuli dogo, supu nyepesi ya rangi ya chai ya mgonjwa, lakini ukiinusa unajua imelala na samaki mkavu na maganda ya kamba tangu alfajiri. Tambi nyembamba za mayai alizitosa maji ya moto, akazihamishia ya baridi, akazirudisha ya moto, ndiyo maana zilikaza. Na chini ya tambi, zimefichwa, wontoni zenyewe: vifuko vya unga laini kama kitambaa cha melimeli, ndani kamba mzima na kuku wa kusaga badala ya ile nyama yao. Abu Tambi alinifundisha sheria mbili kwa Kiarabu chake cha kuvunjavunja. Tambi zivutwe upesi na kwa kelele, zisije zikalainika. Na wontoni isiumwe nusu, maji yake yatamwagika. Iingie mdomoni nzima. Nilizipenda sheria hizo kuliko zote nilizopata kufundishwa nyumbani.

Alhamisi ikafika. Kwa Abu Tambi, kama mikahawa yetu mingine, palikuwa na vyumba vya familia, yaani visanduku vya mbao nyembamba, kila kimoja na meza yake na pazia mlangoni. Wanaume watatu, Musallam, Asaad na baba, wakaingia kimoja. Sisi wanawake tukaingia cha pili, tukiwa tumetenganishwa na ubao ambao ungeweza kuutoboa kwa kijiko. Mimi nikabanwa ndani, begani ukuta. Shangazi akakaa ubavuni pangu. Bi Kaltham, mnene, amejaa udi na baibui la hariri, akakaa upande wa pazia. Hakukuwa na njia ya kutoka ila kwa kupita juu yake.

Mabakuli yakaja. Nikasema bismillahi, nikashika vijiti, nikainama, nikavuta tambi kwa sauti ya mfereji unaokauka. Shangazi akanifinya paja. Nikavuta tena, supu ikanirukia kidevuni, nikaifuta kwa kiganja. Nilipoinua macho, Bi Kaltham alikuwa amenikodolea. Nikafurahi. Nikaona nafasi yangu ya kudumu inanijia na karatasi zake.

Bi Kaltham akachukua kijiko. Akaonja supu. Akaonja tena.

"Hii imetiwa samaki mkavu," alisema. "Huyu mtu anajua anachokifanya."

Akaomba siki, akatia. Akaomba pilipili, akatia. Halafu bibi wa Mkunazini akajivuta mbele, akainama juu ya bakuli, akazivuta tambi zake kwa kelele iliyoishinda yangu. Akafunga macho.

"Wallahi nimechoka," alisema akitafuna, "na wasichana wanaoletwa mbele yangu wakila kama kuku wagonjwa. Mmoja alikula punje saba za wali, nilizihesabu. Mtu asiyekula ataniuguza vipi mimi? Wewe mwanangu una tumbo. Mimi na wewe tutaelewana."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ni mchafu, mlafi, mwenye hasira, na kwamba nimevunja sahani mbili wiki ile. Badala yake nikacheka kicheko cha kijinga. Pazia likafunuliwa, Abu Tambi akaingiza mkono na mabakuli mengine matatu bila kuagizwa, yanachemka bado, zawadi yake kwa mteja wake wa Jumatano na jamaa zake. Kwa kukosa la kusema, nikafukua wontoni chini ya tambi, nikaitia mdomoni nzima.

Hapo hapo sauti ya Musallam ikapita kwenye ubao. "Kaltham! Umeridhika?"

"Nimeridhika na nusu!"

"Basi tunangoja nini? Mtoto anasafiri Jumamosi. Yaqoob, simama ukamwulize binti yako."

"Hapa?" Baba aliuliza.

"Kwani idhini ina mahali pake, bwana? Pazia lipo, mashahidi tupo. Yalla."

Nilisikia viti vinakwaruza sakafu. Kisha chini ya pazia nikaona viatu: makubadhi mapya ya Musallam, viatu vya Asaad vilivyopigwa rangi vikasimama nyuma kidogo, na mbele kabisa miguu ya baba, visigino vimepasuka. Na mimi mdomoni nina moto. Asiyepata kuila wontoni iliyotoka jikoni sasa hivi hawezi kujua. Ule unga huyashika maji ndani, ukiubana kidogo tu unakupasukia kwenye ulimi.

"Rawya, mwanangu," baba alisema nyuma ya pazia. "Asaad bin Musallam kaja kukuposa. Umeridhia?"

Machozi yalinitoka. Nilifumba midomo nisije nikamtemea Bi Kaltham usoni, nikainamisha kichwa. Nilikuwa nimejiandaa kuwachukiza watu siku hiyo, lakini kwa mambo niliyoyapanga mwenyewe. Shangazi alinishika mkono chini ya meza, akaubana kweli kweli.

"Analia, masikini," Bi Kaltham alinong'ona, na yeye macho yamemlowa. "Haya hizo. Mtoto kalelewa."

"Kunyamaza ndiyo idhini yake," Musallam alisema kwa furaha. "Khalas. Tusome Fatiha."

Na hivyo ndivyo ilivyo kwetu, kila mtu analijua hilo. Mwanamwali akiulizwa akanyamaza, amekubali. Akilia kimyakimya, amekubali kwa adabu. Ni kukataa tu ndiko kunakohitaji sauti.

"Ngoja," baba alisema. "Nimwulize tena."

"Umeshauliza, Yaqoob."

"Nauliza tena." Akakohoa. "Rawya. Umesikia nilichokuuliza? Umeridhia kuolewa na Asaad?"

Nilikuwa natafuna sasa, polepole, kamba anateleza, ulimi umekufa ganzi. Niliinua kidole kama mwanafunzi anayeomba kusubiriwa. Nani wa kukiona? Waliokuwa ndani walidhani naelekeza shahada. Shangazi akasema kwa sauti, "Mashallah, mashallah." Nikameza. Chakula kikashuka kooni kizima kizima, kwa sauti, na mdomo wangu ukawa mtupu.

Musallam akaguna. Asaad akasema chinichini, "Baba, mwache ami aulize," na hilo ndilo neno pekee nililolisikia kwake siku hiyo.

Baba akauliza mara ya tatu. Safari hii hakuinua sauti.

"Sema kwa ulimi wako, mwanangu. La au ndiyo. Nakusikiliza."

Nilikuwa na pumzi. Ulimi uliuma lakini ulikuwa unanyanyuka. Neno lenyewe ni fupi, ni silabi moja, hata mtoto wa mwaka mmoja hulisema. Nilitazama miguu ya baba chini ya pazia. Kidole kikubwa cha kulia kilikuwa kinapanda na kushuka juu ya kubadhi, tabia yake akiwa na hofu. Alifanya hivyo siku zote alizokuwa akingoja kwenye mabenchi ya ofisi za pasi. Nikasema moyoni, anataka ndiyo yangu isikike. Anataka Musallam asiwe na shaka hata chembe, aione fadhila yake imerudi nzima. Ananiuliza mara tatu ili apigilie msumari. Na mimi nikimwambia la mbele ya mtu huyu, atatazama wapi?

Sikuweza kusema ndiyo, ilinikwama. Sikuweza kusema la. Nilikaa na mdomo mtupu, ukuta begani, nikawaacha wangoje.

"Haya," baba alisema mwishowe. "Haya, Musallam. Bismillahi."

Wakasoma Fatiha wamesimama kati ya meza na jiko. Shangazi na Bi Kaltham wakapiga vigelegele mpaka wateja wakaacha kula. Abu Tambi alidhani ni siku ya kuzaliwa ya mtu. Alituletea sahani ya machungwa yaliyokatwa, akayaweka mbele yangu, akanipigia makofi.

Niliolewa baada ya miezi mitatu. Kiti kinachozunguka alipewa msichana mwingine.

Sikuonewa Ibra, na naomba nieleweke hapo. Sikupigwa, sikulala njaa, Asaad hakunipandishia sauti hata siku moja. Kila mwezi alikuja na mfuko wa vitu kutoka Abu Dhabi, akalala siku tatu, akaenda zake. Mimi nilibaki na Bi Kaltham. Nilimchoma sindano yake ya asubuhi na ya jioni. Nilimpimia wali. Nilimsindikiza kwa majirani, ambako alisimulia kisa cha Mchina jinsi mkwewe alivyokula kwa kelele, na akilia machozi ya haya akatoa idhini yake. Watu walicheka, nami nikamimina kahawa. Kutoka peke yangu hata mpaka dukani sikukatazwa, ila kila nilipovaa baibui aliniuliza, "Waniachia nani?" Nikalivua. Ningekuwa na mtu wa kumlaumu ningepumua. Sikuwa naye, na hilo ndilo lililokuwa likinikaba, kwani ubaya wenyewe sikuuona, na wema nao ulikuwa umefunga mlango. Miaka minane nilizunguka ua ule.

Musallam alifariki mwaka elfu mbili na saba. Baba akaja Ibra kwenye msiba, akakaa siku zote tatu na wanaume barazani. Siku ya nne, wageni walipokwisha kuondoka, akanifuata nyuma ya jiko nilipokuwa naosha masufuria. Alikuwa amezeeka. Akavuta kigoda, akakaa, miguu akaitia kwenye falaji.

"Sasa Musallam hayupo," alisema. "Nataka kukuuliza jambo."

"Uliza, baba."

"Siku ile kwa Mchina. Kwa nini hukusema?"

Ningeweza kumpa jibu jepesi. Wontoni ilikuwa ya moto, mdomo ulikuwa umejaa, ulimi uliungua. Jibu hilo nilijipa mwenyewe kwa miaka minane, na usiku mwingine niliweza kuliamini.

"Mdomo ulikuwa umejaa," nilisema.

"Mara ya kwanza, ndiyo. Na ya pili." Aliyatazama maji. "Lakini nilikusikia ukimeza, Rawya. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwako. Nikangoja umeze, ndipo nikauliza ya tatu."

Niliweka sufuria chini. "Nilidhani wataka niseme ndiyo."

"Ndiyo?" Akanigeukia. "Ndiyo tulikwisha ipata, mwanangu. Ulinyamaza mara moja, Musallam akaipokea, ikatosha. Mtu aliyekwisha pewa ndiyo anauliza tena kutafuta nini?"

Nikaishika tena sufuria, nikaiacha.

"Mimi nilikwambia dukani," alisema. "Nilikwambia siwezi mimi. Nikakwambia utaulizwa. Nilijua Musallam ni mtu wa dini, ukitamka la wewe, asingenilaumu, angenishika bega tukamaliza kula. Nilisimama pale nikauliza mpaka wakaanza kuniona mpumbavu. Nilikuwa nakuomba, Rawya."

Hasira ilinipanda nikatamani kumrushia sufuria, mzee yule, baba yangu. Ungeniambia! Ungenikalisha ukaniambia kwa maneno manne, kataa, nitakuwa nyuma yako! Nilifungua mdomo nimwambie hivyo, nikaona kwamba ndilo neno lile lile analoniambia yeye. Nikaanza kulia, safari hii kwa kelele. Baba naye akalia, mikono magotini, hajifuti.

Kutoka ndani Bi Kaltham akaita. Saa ya sindano yake ilikuwa imefika.

"Rawya! Rawya ee!"

"Labeka, mama," niliitika, nikafuta mikono kwa kanga, nikaingia ndani.